Ramani ya Nyumba na Mwenye Nyumba: Habari za Ujenzi Katika Nchi Yetu ya Korogwe na Handeni



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wenzangu wameandika habari za mazao, za mizani, za mikopo na za malipo ya wakulima. Mimi nimetakiwa na Bodi nieleze habari za ramani za nyumba katika nchi yetu, tangu zama za wazee hata leo, na jinsi watu walivyoelewana, au walivyoshindwa kuelewana, na wale wanaozichora. Huenda mtu akauliza jambo hili lauhusu nini ushirika. Mkutano mkuu ujao utaombwa kuidhinisha fedha za kujenga ofisi na ghala la Chama hapa Manundu. Fedha hizo zimetokana na makato ya mazao yetu wenyewe, shilingi kwa shilingi, kwa muda wa miaka kumi, wala hatutazipata mara ya pili upesi. Kwa hiyo ni haki ya kila mwanachama ajue, kabla ya kunyosha mkono, ramani ni kitu gani na hutoka wapi.

Wazee wetu hawakuwa na karatasi, lakini ramani walikuwa nayo. Nyumba ya msonge ya Wazigua na ya Wasambaa ilianza kwa kigingi kimoja kilichokitwa ardhini na kamba iliyozungushwa, na upana wa duara ulipatikana kwa kutazama ni wangapi watakaolala ndani. Moto ulikuwa ndani, na juu yake palikuwa na dari ya fito ambapo mahindi yaliwekwa. Moshi ulipanda, ukapita katika mahindi, ukatoka polepole katika nyasi za paa. Mgeni aliyeingia alikohoa na kusema kwamba nyumba haina dirisha. Walakini moshi ule ndio uliowazuia wadudu wasile mbegu, na ndio uliozidumisha nyasi na miti ya paa. Nyumba ilikuwa makao, jiko na ghala kwa pamoja. Tulipohamia katika nyumba za pembe nne na kulitoa jiko nje, macho yetu yalipata nafuu, lakini mahindi yalipoteza mlinzi wake, wala hakuna aliyetuchorea mahali pengine pa kuyaweka. Dumuzi, yule mdudu aliyeonekana nchini kwa mara ya kwanza huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, alizikuta nyumba nyingi zikiwa na vyumba vya kulala tu na magunia yakiwa chini ya kitanda.

Hata mahali pa kujenga palichaguliwa kwa akili. Wasafiri Burton na Speke walipopita bonde la Mto Pangani mwaka 1857 wakienda Vuga, Korogwe waliyoikuta ilikuwa kijiji cha kisiwani, na mto ndio uliokuwa boma lake. Siku zile adui alikuwa mwindaji wa watumwa, na watu walikubali mbu na mafuriko ili wapate usingizi. Nataja habari hii kwa kuwa siku hizi wengi wetu hununua ramani kwanza, kisha hutafuta kiwanja cha kuitoshea. Wazee walitazama kiwanja kwanza.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Maduka yaliifuata, na pamoja na wafanya biashara ikaja kutoka pwani nyumba ya namna nyingine, ile tuiitayo mpaka leo nyumba ya Kiswahili. Hiyo ndiyo iliyojaza Manundu, na nataka kuieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu tumeizoea mno hata hatuioni.

Nyumba ya Kiswahili ina ujia katikati, kutoka mlango wa mbele hata mlango wa nyuma. Kila upande wa ujia kuna vyumba vitatu. Mbele kuna baraza, nyuma kuna ua, na katika ua kuna jiko, bafu, choo na pengine stoo. Chumba huwa futi 10 kwa 10, na ujia futi 5, basi ukihesabu na kuta, upana wa nyumba ni karibu futi 27 na urefu futi 32. Fundi hakuhitaji karatasi kuijenga. Alikita vigingi, akavuta kamba, akapima tatu upande mmoja na nne upande wa pili, na mshazari ukiwa tano kamili alijua kwamba pembe imenyooka. Miti ilisimamishwa, fito zikafungwa, udongo ukakandikwa. Paa lilikuwa la makuti au nyasi, baadaye la madebe yaliyokunjuliwa, mwishowe la mabati. Kwa kuwa paa lilikuwa moja lenye migongo iliyonyooka, kuliondoa la nyasi na kuweka la bati hakukudai kubomoa nyumba.

Tazameni sasa jinsi ramani hiyo ilivyotatua mambo mengi kwa mara moja. Mgeni wa kiume alikaa barazani, akapewa kahawa, akazungumza habari zake na kuondoka, bila kuona nguo zilizoanikwa uani. Akina mama walikuwa na ua wao, wakapika pamoja, wakatwanga, wakalea watoto, wakafanya shughuli zao bila kutazamwa na njia. Mtu mwenye fedha kidogo alijenga vyumba viwili na kuhamia, kisha akaongeza kila alipovuna, na nyumba haikuonekana kiwete kwa wakati wowote. Mjane mwenye vyumba sita alilala katika viwili na kupangisha vinne, akasomesha watoto kwa kodi. Mpangaji mmoja akiondoka hakuharibu kitu, maana kila chumba kina mlango wake ujiani. Benki gani ya siku zile ingalimpa mjane wa Korogwe riziki ya namna hiyo? Hakuna jina la msanifu liwezalo kuandikwa chini ya ramani hiyo. Ilichorwa na watu wengi sana, kwa muda mrefu, na kila mmoja alirekebisha kidogo pale alipoumia.

Sisemi kwamba haina kasoro. Ujia wa katikati ni giza hata mchana. Chumba chenye dirisha moja upande mmoja hakipati upepo, na katika joto letu la Januari mtu hutoka kulala barazani. Choo cha shimo na kisima huwa karibu mno katika kiwanja kidogo. Hata hivyo Serikali yenyewe ilikuja kukiri akili iliyomo. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilipobomoa vibanda huko Magomeni, Dar es Salaam, na kuwajengea watu nyumba za kudumu, lilifuata mpango huu huu wa ujia, vyumba na ua, kwa kuta za matofali na paa la kudumu.

Katika nchi yetu, pembeni mwa nyumba hizo, palikuwa na ramani nyingine, na wazee wengi wa Ngombezi na Magunga waliishi ndani yake. Mkonge uliletwa na Dokta Richard Hindorf mwaka 1893, na ulipoenea bonde zima, mashamba yalihitaji watu kuliko waliopatikana hapa. Wakaja manamba kutoka mbali, Wabena, Wanyamwezi, Waha, Wamakonde na wengineo, na tangu mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa Silabu iliwaandikisha na kuwasafirisha. Nyumba zao zilikuwa laini: vyumba vilivyopangwa mstari mmoja kama mabehewa, ukuta wa mmoja ukiwa ukuta wa jirani, mlango mmoja, na mbele uwanja mtupu wa kuhesabia watu. Ramani ya laini ilimfikiria mwanamume mmoja aliyekuja kwa mkataba na atakayeondoka. Mke alipokuja, hapakuwa na jiko. Watoto walipozaliwa, hapakuwa na chumba. Akina mama walijenga vibanda vya kupikia kwa mabua na magunia mbele ya milango, na mkaguzi alipopita aliwaambia wanachafua kambi.

Aliyechora laini hakuwa lazima awe mtu mbaya. Huenda alikuwa mhandisi hodari, mwenye kujua kiasi cha hewa kinachotakiwa kwa kila mtu. Lakini mtu mmoja tu ndiye aliyezungumza naye, naye alikuwa mwenye shamba. Mchoraji humtumikia yule anayesema naye. Jambo hili nitalionyesha tena kwa mfano wa ndugu zetu wa Kilimanjaro, ambao wana uzoefu mkubwa kuliko sisi katika mambo ya ushirika, na ambao reli ile ile ya Tanga iliwafikia Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kiliandikishwa mwaka 1933, kikarithi chama cha wakulima kilichoanzishwa mwaka 1925. Baada ya Vita ya Pili bei ya kahawa ilipanda, na wakulima wakataka jengo lao mjini Moshi. Kazi ya kulichora alipewa Bwana Ernst May, Mjerumani aliyekuwa na ofisi mjini Nairobi. Habari za mtu huyu zastahili kuelezwa.

Bwana May alizaliwa Frankfurt mwaka 1886. Kuanzia mwaka 1925 hata 1930 alikuwa msimamizi wa ujenzi wa mji huo, na chini yake zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000 za wafanyakazi. Katika watu wake alikuwamo Bibi Margarete Schütte-Lihotzky, ambaye mwaka 1926 alichora jiko lililokuja kuwa mashuhuri duniani kwa jina la mji ule. Namna yake ya kufanya kazi ndiyo ninayoisifu. Alihesabu hatua za mwanamke apikaye, kutoka kwenye maji hata kwenye moto, kutoka kwenye moto hata kwenye meza, akatazama na saa, kisha akapanga kila kitu mahali ambapo mkono utakifikia. Jiko lake halikufika mita 2 kwa upana, na urefu ulikuwa karibu mita 3 na nusu. Lilipunguza uchovu, ijapokuwa watu wawili walipishana kwa shida humo. Mama zetu wa uani, wanaopika watatu pamoja huku wakizungumza, wangalilikataa jiko hilo siku ya kwanza. Lakini nadhani wangalipenda kuulizwa habari za hatua zao.

Mwaka 1930 Bwana May alikwenda Urusi na kundi la wasanifu wenzake. Alipotoka huko, Wanazi walikuwa wameshika utawala wa Ujerumani, wala mtu wa asili ya Kiyahudi kama yeye hakuweza kurudi. Basi mwaka 1934 akaja Tanganyika, akalima shamba karibu na Arusha. Fikirini mtu aliyejenga nusu ya mji, sasa anapalilia. Mwaka 1937 akafungua ofisi Nairobi. Vita vilipotokea Waingereza walimtia kizuizini kwa kuwa Mjerumani, na alipotoka alipewa kazi ya kupanga upanuzi wa mji wa Kampala.

Katika miaka hiyo ya 1940 alibuni nyumba kwa ajili ya Waafrika. Ilikuwa nyumba ya vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani na kutundikwa katika mifupa ya nyumba. Kuta zake zilipinda kuelekea juu na kukutana, kwa mfano wa msonge. Alikuwa ametazama vibanda vya wenyeji na kuona uzuri wake. Nyumba ya mfano ilijengwa, lakini mpango wenyewe haukuenea. Sababu moja ni gharama: zege na kiwanda havishindani na udongo na fito za bure. Lakini naona sababu nyingine. Waafrika waliojenga mijini siku zile walikwisha kuuacha msonge kwa hiari yao, wakachagua nyumba ya pembe nne yenye ujia na ua, kwa sababu nilizozitaja. Nyumba ile iliwarudishia umbo la duara na kuwanyima ua. Ilichorwa kwa ajili yao, kwa nia njema, na hakuna mwenye nyumba aliyeketi mezani.

Mtu huyo huyo, katika miaka ya 1949 na kuendelea, alichora jengo la KNCU mjini Moshi, na safari hii wenye nyumba walikuwapo. Walikuwa wakulima wenye chama, wenye fedha zao na wenye haja zao. Ukilitazama jengo utaona kwamba haja zile zilifikiriwa. Ndani mlikuwa na ofisi za chama, na chini yake maduka ya kupangisha, ili jengo lijilipie. Mlikuwa na mahali pa kulala, kwani mkulima aliyeshuka mlimani kufuata malipo yake asingeweza kurudi usiku. Mlikuwa na nafasi za masomo na mikutano. Jua nalo halikusahauliwa, kwa maana madirisha yalikingwa na upepo ukaachiwa njia. Hapana umbo la msonge mahali popote, wala hakuna aliyelalamika. Bwana May aliondoka Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1953, akafa Hamburg mwaka 1970. Jengo lingali likitumika.

Nimeyaweka majengo hayo mawili pamoja kwa makusudi. Akili iliyochora ilikuwa moja na miaka ilikaribiana. Tofauti ilikuwa katika mazungumzo yaliyotangulia mchoro.

Baada ya Uhuru sisi wenyewe tuliingia katika kosa lile lile la laini, ingawa kwa nia nyingine. Mwaka 1963 ulianza mpango wa makazi mapya ya vijiji, na Kabuku, wilayani Handeni, ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizochaguliwa. Gharama za makazi hayo zilikuwa kubwa kuliko mavuno yake, na mwaka 1966 Serikali ilisimamisha kuanzisha mengine. Ilipokuja Operesheni Vijiji, mwaka 1973 hata 1975, nyumba zilipangwa mistari kando ya barabara, na watu wengi walijenga vibanda vya haraka kwa sababu mvua ilikuwa karibu. Wazee wa Handeni wana mengi ya kusema juu ya jambo hilo kuliko mimi.

Lakini zama hizo hizo zilileta elimu pia. Mwaka 1971 kilianzishwa Dar es Salaam Kitengo cha Utafiti wa Ujenzi, kilichojaribu udongo, matofali, mapaa na ramani za nyumba za gharama nafuu. Tangu mwaka 2001 kazi yake imeendelezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambao umeyatangaza sana matofali ya kufungamana. Kwa sisi watu wa mkonge kuna jaribio moja la kukumbukwa. Watafiti wa Tanzania na wa Sweden walichanganya nyuzi za katani na saruji ili kupata mabati ya saruji yaliyo imara na rahisi. Mwanzoni yalikuwa mazuri. Baada ya miaka ilionekana kwamba ukali uliomo katika saruji huila katani, nyuzi hupoteza nguvu, na bati huwa jepesi kuvunjika. Mkulima wa mkonge atasikitika kusoma hivyo, lakini afadhali jambo hilo lilijulikana kwa kupimwa kuliko kuanguka juu ya vichwa vya watoto.

Wasanifu Waafrika nao walianza kuonekana. Ndugu Beda Amuli, aliyesoma Israeli, alikuwa miongoni mwa wa kwanza katika Afrika Mashariki yote. Yeye ndiye aliyechora Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, lenye miavuli mikubwa ya zege inayoinuka juu ya nguzo, ambapo muuzaji hupata kivuli na hewa kama aliyekaa chini ya mti. Aliyekwisha kuuza nyanya katika soko la bati mwezi wa Januari ataelewa mara moja msanifu yule alikuwa amemfikiria nani.

Leo kazi hiyo ina sheria yake. Tangu mwaka 1997 ipo Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na mtu asiyesajiliwa hana ruhusa ya kujiita mbunifu majengo. Mbunifu hupanga jengo, mkadiriaji huhesabu vifaa na gharama yake, mhandisi hutazama nguvu za nguzo na mihimili, mkandarasi hujenga. Watu wengi huyachanganya majina haya, kisha humlaumu fundi kwa kazi ya mkadiriaji.

Basi tumefika kwenye simu zetu. Siku hizi kijana hutuma ujumbe, akaletewa ramani ya nyumba ya vyumba vitatu, sebule, na paa lenye migongo saba, pamoja na picha ya rangi ambamo bustani ni ya kijani kama ya Uingereza. Bei yake ni ndogo. Sisemi kwamba kila ramani ya namna hiyo ni mbaya. Kwa nyumba ndogo katika kiwanja tambarare yaweza kufaa, mradi itazamwe na mwenye ujuzi kabla ya kuombewa kibali cha Halmashauri ya Mji. Lakini paa la migongo saba lina makutano mengi, na kila makutano ni mahali pa kuvuja na mahali pa kununua bati lingine. Tena ramani hiyo haijui jua la kiwanja chako linachomoza upande gani. Nchi yetu iko karibu na Ikweta, jua hupita karibu juu ya utosi, na kuta zinazoungua ni za mashariki na magharibi. Nyumba yafaa iwe na kuta fupi pande hizo na kuta ndefu zenye madirisha kaskazini na kusini, na paa litokeze vya kutosha kuzifunika. Jambo hili halina gharama hata senti moja likifikiriwa mapema. Likisahauliwa, hulipwa kila mwezi kwa umeme wa feni.

Ramani iliyonunuliwa haiongezeki pia. Tangu Benki ya Nyumba Tanzania ilipofungwa mwaka 1995, wengi wetu tumejenga kwa mfuko wa shati, chumba kwa chumba, mavuno kwa mavuno. Nyumba ya Kiswahili iliruhusu hivyo. Nyumba ya picha ya simu hudai msingi wote na paa lote kwa siku moja, ndiyo maana tunaona misingi mingi kandokando ya njia imeota majani.

Lipo tena suala la maji, hasa kwa wenzetu wa Handeni ambao wamebeba madumu tangu kuzaliwa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha usiku, hutoa lita 2,000, na hata ukitoa zinazopotea bado ni madumu mengi. Ghala letu litakuwa na paa kubwa kuliko hilo mara kadhaa. Mahali pa mifereji na pa tangi hapana budi pachorwe tangu mwanzo, kwa kuwa tangi linalotafutiwa nafasi baadaye hukaa mbele ya mlango.

Katika wilaya zetu kipo chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja, kilichojenga ghala zuri la matofali kwa ramani ya kuazima. Mlango wake mkubwa umeelekea mlimani. Lori haliwezi kufika huko, na kwa hiyo kila gunia huzungushwa kwa bega kutoka nyuma hata mbele, na wachukuzi hulipwa mara mbili. Ramani ile ilitoka mahali ambapo barabara ilikuwa upande wa pili. Wanachama waliipitisha kwa sababu hakuna aliyewaeleza mistari ile maana yake nini, na kila mmoja aliona haya kuuliza mbele ya watu.

Kwa ajili hiyo Bodi imeamua kufuata utaratibu ufuatao. Kabla ya mbunifu kuchora mstari wowote, kamati ilikwenda naye kiwanjani asubuhi na alasiri, akaonyeshwa maji ya mvua yapitapo na malori yageukapo. Kisha aliandikiwa orodha ya kazi zitakazofanyika katika jengo, bila kuambiwa umbo lake. Mizani iwe mahali ambapo mkulima ataona namba kwa macho yake. Mlipaji awe na dirisha lenye kivuli, kwani siku ya malipo foleni huwa ndefu na wazee ni wengi. Wawepo maduka mawili ya kupangisha upande wa barabara. Mama lishe wapewe jiko lao na maji, wasiwe wa kufukuzwa kila mkaguzi ajapo. Ghala liwe na sakafu iliyoinuka, na chaga za kuwekea magunia yasiguse ukuta. Mbunifu atalipwa kwa hatua, mchoro wa awali kwanza, michoro ya kazi baadaye, na usimamizi mpaka mwisho. Na makadirio yatafanywa na mkadiriaji ambaye si ndugu wala mshirika wa mkandarasi. Tumemwomba pia achore kazi hiyo kwa vipindi viwili, ili ghala na mizani vitangulie, na ofisi ifuate mavuno ya mwaka wa pili.

Hata ninapoandika, mabishano mawili hayajakwisha. Wajumbe wengine wanataka baraza kubwa ielekee barabara kuu, ili Chama kionekane na wapitao kwa mabasi. Wengine, na hasa akina mama, wanataka ielekee ndani kwenye ua wa mizani, mahali ambapo mkulima huketi nusu ya siku akingoja zamu yake. Mimi nimeketi katika ua wa namna hiyo siku nyingi za mavuno, nami nakubaliana na akina mama. La pili ni upana wa mlango wa ghala. Mbunifu ameahidi kuyachora yote kwa penseli, kila shauri kwa karatasi yake. Michoro itabandikwa ukutani katika ofisi yetu ya sasa wiki mbili kabla ya mkutano mkuu, na kila siku alasiri karani atakuwapo kumweleza mwanachama yeyote mstari upi ni ukuta, upi ni mlango, na gunia lake litapita wapi.